Sauti ya Kwanza Ilipoposwa

Kwenye karatasi ya mahari ya dada yangu, chini ya mkaja wa mama, shuka la bibi na ng'ombe waliohesabiwa kwa shilingi, baba aliongeza kipengele cha saba kwa mkono wake mwenyewe. Mshenga alikisoma mara mbili, akavua miwani, akamtazama mjomba kama anayeomba msaada. Kilisema: "Binti ataimba na familia yake Jumapili moja ya kila mwezi, hadi mdogo wake wa mwisho atakapomaliza darasa la saba."

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa darasa la tano. Karibu miaka miwili, basi.

Watu walicheka wakidhani mzee anatania. Hakuwa anatania. Hiki ndicho kisa ninachotaka kukichambua, kwa sababu kila tunapokwenda kuimba hakosi mtu mwenye kikundi cha familia atakayenivuta pembeni baada ya ibada na kuniuliza: mlifanyaje dada yenu alipoolewa? Majina nimeyaacha, ya watu na ya makanisa. Wahusika wote bado tunapishana sokoni.

Nyumba ya sauti nne

Sisi ni watu wa Mwanga, Kigoma mjini. Baba ni fundi cherehani na sare zetu zote hushona yeye, ndiyo maana hatujawahi kusimama mbele ya kanisa na vitenge visivyolingana, hata zile siku ambazo nauli ya kurudi tulikuwa hatuijui itatoka wapi. Mama anauza mawese na dagaa. Kaka ni mvuvi, hutokea mwalo wa Kibirizi. Dada alikuwa na kibanda cha kusuka nywele. Mimi nafuata baada ya dada. Kazi yangu kwenye kikundi ni sauti ya pili pamoja na mama, na kutunza daftari. Baba na mdogo wetu wa kiume wanashika ya tatu, kaka ya nne, yaani besi. Kitinda mimba alikuwa anapiga kayamba. Sauti ya kwanza, yaani soprano, ilikuwa dada, peke yake, na ilitosha.

Uzuri wa ndugu kuimba pamoja wengi wanaujua kwa masikio. Wote tumejifunza kusema nyumba moja, kwa hiyo irabu zetu zinafanana; "e" yetu ni moja. Kwaya kubwa hufundishwa wiki nzima mahali pa kuvuta pumzi. Sisi tulikuwa tunaangalia bega la kulia la dada. Likipanda kidogo, wote sita tumeshavuta.

Ubaya wake husemwa mara chache: ugomvi wa nyumbani nao hupanda jukwaani. Kuna Jumapili baba na kaka walikuwa na siku tatu hawasemeshani kwa sababu ya fedha za injini ya mtumbwi. Besi ilikuja nyuma yetu nusu pigo wimbo mzima, toka ubeti wa kwanza hadi amina. Mchungaji alisimama akatushukuru kwa "mtindo mpya".

Ratiba yetu pia haikuwa ya kawaida. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa ndiyo inayowavuta juu. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi, na wavuvi hukaa nchi kavu hadi giza lirudi. Kwa hiyo mazoezi yetu yote yalifuata mbalamwezi. Mialiko tuliikubali kwa kutazama angani kwanza, halafu kalenda. Mchungaji mmoja wa Ujiji alidhani baba ana mambo ya unajimu, ikabidi aelezwe.

Ziwa lilipofungwa

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Kibirizi ikawa kimya. Kaka alikuwa nyumbani kila siku, na mama naye akabaki na mawese tu, dagaa hakuna.

Hapo ndipo kikundi kilipobadilika bila mtu yeyote kusema kimebadilika. Zamani tulikuwa tunaimba mara moja kwa mwezi, tukipewa sadaka tunagawana soda na nauli. Miezi ile mitatu daftari langu linaonyesha tuliimba sehemu kumi na tatu. Gungu, Katubuka, Bangwe, Ujiji, Uvinza, mpaka Kasulu. Na watu walikuwa wanatutunza: mama mmoja anatoka kwenye benchi akicheza, anaweka noti kwenye kapu, wa pili anamfuata, mzee anakuja na kuku. Makanisa yana taratibu tofauti. Kuna yanayosema kilichowekwa kapuni ni cha waimbaji. Kuna yanayosema kapu lote ni la madhabahu na waimbaji watapewa "chochote" ofisini. Hicho chochote nakumbuka kiliwahi kuwa kilo mbili za maharage.

Sikatai kwamba tuliitumikia Injili miezi ile. Lakini pia tulinunulia unga. Naliandika hili waziwazi kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini baba alifika mahali pa kuandika kipengele cha saba. Kwake dada hakuwa sauti tu. Alikuwa sehemu ya chakula cha mezani, na baba aliona aibu kusema hivyo, hivyo akaliita huduma.

Kosa letu la kiufundi lilifanyika mapema zaidi, na wakati ule lilionekana maendeleo. Mwaka 2023 tulikwenda studio tukatengenezewa biti za nyimbo nane, yaani muziki uliorekodiwa wa kuimbia juu yake, tukaziweka kwenye flashi. Fundi wa studio alimsikiliza dada, akasema huyu apande, akapanga kila kitu Do ni A, yaani noti ya kwanza ya ngazi ianzie A. Nyimbo zetu nyingi hupanda hadi la, noti ya sita ya ngazi hiyo. Kwa hesabu hiyo, kileleni mwimbaji anatakiwa kushika F-shapu ya juu, tena kwa nguvu, wakati ngoma zinapigwa. Dada aliishika kama anaokota kitu sakafuni. Sisi wengine tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza: na siku akiwa na mafua?

Ameposa mke au soprano?

Kasulu tulialikwa Julai, kwenye mkutano wa injili. Mwalimu wa kwaya ya pale ni kijana mpole, anapiga kinanda vizuri kuliko mtu yeyote niliyemsikia mkoani kwetu. Tulipomaliza, alimfuata dada kumwuliza wimbo wa tatu una ufunguo gani. Dada akamjibu. Akamwuliza tena siku ya pili, kana kwamba ufunguo ulikuwa umebadilika usiku.

Barua ya posa ilikuja Septemba. Baba aliisoma, akaikunja, akasema neno ambalo mpaka leo tunalirudia nyumbani: "Huyu hajaposa mke. Ameposa soprano."

Tulicheka, lakini lilikuwa na ukweli wa kuuma. Mkwe mtarajiwa alikuwa na kwaya ya watu ishirini na sauti ya kwanza iliyolegea. Ukimwuliza dada mwenyewe alitaka nini, jibu lilikuwa fupi: alitaka kuolewa na yule mtu. Lakini kwenye vikao vyote viwili vya mahari hakuna aliyemwuliza habari ya kuimba. Mimi pia sikumwuliza, na mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja.

Siku ya mahari ugeni ulikuja, wazee wakasalimiana kwa makofi ya Kiha, wakakaa. Mambo yalikwenda haraka hadi namba saba. Shangazi alijaribu kumzuia baba kwa ule msemo kwamba mtoto wa kike ni wa watu. Mjomba, aliyewahi kukaa kwenye baraza la kata na anayejua sheria kidogo, alimnong'oneza kwamba hata mahari yenyewe isipolipwa ndoa haivunjiki. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41, inasema hivyo. Sasa kama ng'ombe hawawezi kuizuia ndoa, wimbo utaizuiaje? Baba akamjibu kwamba yeye hazungumzii sheria, anazungumzia uungwana. Mshenga akaona jua linazama, akasema tumekubali.

Hapa nitoe maoni yangu. Namba saba ilikuwa mbovu kwa namna tatu. Iliwafunga watu wawili kwa ahadi ambayo mmoja wao, dada, hakuitia saini. Haikusema nauli ya Kasulu hadi Kigoma na kurudi italipwa na nani. Na kubwa kuliko yote, ilimfanya shemeji aonekane mdaiwa kila mwisho wa mwezi. Mtu mpole ukimgeuza mdaiwa, upole wake unaanza kukonda.

Pasaka

Januari, akiwa ameshaolewa Kasulu, dada alikuja kuimba. Februari alikuja, mkono begani kwa mama, uso umepauka. Alitapika njiani mara mbili na mama alielewa kabla ya kuambiwa. Machi hakuja. Baba hakusema kitu, ila alikwenda kwenye cherehani akashona mpaka saa sita usiku, na hapakuwa na kazi ya mteja.

Pasaka ya 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Tulikuwa na mwaliko mkubwa Gungu, na dada alisema kwa simu atafika Jumamosi jioni. Jumamosi jioni ilipita. Jumapili asubuhi akapiga shemeji, akamsalimia baba, "Shikamoo baba," kisha akasema kwaya yake nayo ina Pasaka, na kwamba mama mtarajiwa hawezi kukaa kwenye gari saa zote hizo. Yote yalikuwa kweli. Baba akasikia moja tu: kwaya yake.

Tulikwenda sita. Kwenye bajaji baba akanigeukia: "Utashika ya kwanza." Sikukataa. Nani anamkatalia baba siku ya Pasaka, amevaa suti?

Ubeti wa kwanza nilipita. Wa pili nilipita kwa kukaza shingo. Kwenye kiitikio cha mwisho biti ilipanda kama ilivyorekodiwa, haina macho, haimwoni aliyesimama mbele, nami nikafungua mdomo kuitafuta la na kikatoka kitu kama mlango wa bati. Nyuma yangu mama alinyamaza. Mdogo wetu wa kiume, ambaye mwaka ule sauti yake ilikuwa inavunjika, alijaribu kuniokoa na yake ikavunjika pia. Baba akainua mkono, fundi mitambo akazima. Ngoma zikakatika. Kanisa zima likasema "Amina" kwa huruma, ile amina ndefu ambayo mwimbaji hataki kuisikia maishani.

Tulirudi kwa miguu hadi nyumbani. Hakuna aliyetaka kukaa karibu na mwenzake kwenye bajaji.

Kikao

Jumatatu baba aliita kikao. Alitaka mshenga aitwe, wakwe wakumbushwe namba saba, na kama hawana jibu, fedha za mahari zilizobaki zidaiwe zote kwa mkupuo. Kaka alisema afadhali tuvunje kikundi. Mimi nililia, nikasema sitasimama tena mbele. Mdogo wetu wa kiume alikuwa anahangaika na simu. Alipata programu ya kushusha biti, akatusikilizisha. Sauti zilishuka, kweli, lakini ngoma zilisikika kama zinapigwa ndani ya ndoo.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akauliza, bila kuinua kichwa: "Baba fulani, wimbo huu ulipoutunga, uliuandika Do ni nini?"

Baba akanyamaza. Akaenda chumbani akarudi na daftari lake la zamani la solfa. Wimbo ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya risasi, Do ni F. Ile A ilikuwa ya studio.

Kwa wasioijua solfa, nieleze kidogo, maana kisa chote kinazunguka hapa. Ni yale maandishi ya d r m f s l t yaliyoenezwa na mchungaji wa Uingereza, John Curwen, karne ya 19, na wamisionari wakaja nayo. Uzuri wake ni kwamba do haina makazi. Unaiweka unapotaka, na nyumba nzima inahamia huko pamoja nayo: umbali kati ya do na la unabaki uleule, ila dari inashuka. Mwalimu mzuri wa kwaya huwasikiliza watu alionao asubuhi hiyo, halafu ndipo anataja do. Baba alikuwa akifanya hivyo kwa miaka mingi. Biti ndiyo iliyotusahaulisha. Biti ilikuwa imegandisha koo la mtu mmoja, na koo hilo lilipoondoka tukaanza kuwadai wakwe.

Hili ndilo ninalowaambia wanaonivuta pembeni. Tulikuwa tunauliza nani amemchukua dada. Swali la muziki lilikuwa: wimbo huu uko juu kwa nani? La kwanza lilihitaji mshenga, baraza na hasira. La pili lilihitaji kalamu ya risasi.

Sisemi kwamba maumivu ya baba yalikuwa ya kipuuzi. Mtoto kuondoka ni mtoto kuondoka, na nota haziponyi hilo. Lakini alikuwa ameyabeba yote mawili kwenye gunia moja, na gunia hilo alitaka libebwe na shemeji.

Do ilipohama

Tuliacha flashi. Tukarudi kuimba kavu, na kayamba. Do ni F, na la ya kileleni ikawa D, ambayo naifikia huku nikiendelea kutabasamu. Mimi nikapanda ya kwanza, kitinda mimba akaja pembeni yangu kuipa nuru. Ana sauti nyembamba, safi, haina nguvu bado. Mama akabaki peke yake kwenye ya pili na akasema ndiyo mara ya kwanza anaisikia sauti yake mwenyewe. Sauti ya mdogo wetu wa kiume ilipata pa kukaa. Kaka ndiye aliyelalamika: besi ilishuka mno, akasema ziwa letu lina kina cha mita 1,470 na baba anamtaka aifuate sauti yake huko huko.

Je, tuliimba vizuri kama zamani? Hapana. Wimbo uliposhuka ulipoteza ule mng'ao uliokuwa unawainua akina mama kwenye mabenchi, na kapu lilijua. Mialiko ilipungua, kwa sababu makanisa mengine yanataka biti na spika, yanataka kishindo. Miezi miwili tuliimba sehemu tatu tu. Nayasema haya ili mtu asidhani kubadili ufunguo ni dawa ya kila kitu. Ilitupa namna ya kuendelea, basi. Fedha ilibidi zitafutwe kwingine, na mama alianza kupeleka mawese Uvinza.

Kulikuwa na jambo dogo lililobaki: kwaya ya Kasulu ilianza kuimba wimbo wetu mmoja. Kaka alitaka tulete maneno. Nikamkumbusha kwamba sauti ya kiitikio aliitunga dada mwenyewe akiwa anamsuka mteja, na maneno ni ya baba. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamtazama mtunzi, haimtazami ukoo. Hapo wenye wimbo ni wawili, na mmoja wao anaishi Kasulu. Kaka akasema basi tuache. Tukaacha.

Namba saba haikufutwa. Karatasi ile ipo kwenye sanduku la bibi pamoja na vyeti vya ubatizo. Baba aliacha tu kuitaja, na mshenga, mtu mwenye akili, hakuuliza.

Dada alijifungua Oktoba, akaja kupumzika kwa mama. Mwezi ulikuwa mpevu na kaka alikuwepo. Tulikuwa uani na mkeka, tunafanya mazoezi, naye amekaa ukutani ananyonyesha. Kwenye kiitikio akaingia. Nilimtazama nikitegemea aichukue ya kwanza, nikajiandaa kumwachia. Akaenda chini, kwa mama, akaimba ya pili. Aliimba taratibu asimwamshe mtoto. Baba hakugeuka kumtazama. Alipiga pigo kwa vidole kwenye goti na kuendelea.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja kumchukua. Alimletea baba viazi kutoka mlimani kwao, akakaa nusu kiti, akaomba kwa adabu apewe nota za wimbo ule, kwa sababu wao waliushika kwa kusikiliza na sauti ya tatu haijakaa sawa. Baba alimwambia anywe chai kwanza. Kisha akachukua karatasi ya kukatia mitindo, akaichora mistari, akaandika sauti zote nne, polepole, hadi ubeti wa mwisho. Juu kabisa, pale panapoandikwa "Do ni", aliweka vitone, akamkabidhi.